Rangi mpya haifanyi trakta kuwa mpya



Wiki mbili zilizopita, kooperative moja ya kwetu, kwenye barabara inayotoka Komanda, iliniita kwa mkutano. Wamemba wamechanga makuta misimu miwili, makuta ya kakao na ya mupunga, na sasa wamepata trakta ya kununua kule Bunia. Prezida alinionyesha foto kwa simu: trakta nyekundu, inang'aa kama pikipiki ya dukani. Akaniambia: "Agronomi, muuzaji anasema ni Massey Ferguson 135, origine kabisa, hakuna kitu kiliguswa. Wewe ukuje tu utie sinyatire." Watu wakapiga makofi.

Mimi sikupiga makofi. Nilisema nitaenda kuiona, lakini sinyatire sikuahidi. Wengine walinuna. Mama mweka hazina ndiye aliuliza kwa sauti: "Kama wewe uliyesoma unaogopa, sisi tufanye namna gani?" Swali lake lilinifuata mpaka nyumbani, na ndilo linanifanya niandike leo.

Niseme maoni yangu mapema, kusudi asiyependa kusoma mpaka mwisho ayajue. Trakta ya miaka hamsini ambayo hakuna kitu kiliguswa, mimi sijaiona katika Ituri. Na hata ningeiona, singewaambia muinunue kwa sababu hiyo peke yake. Swali la kuuliza si "ni ya origine?" Swali ni hili: kitu gani kilitoka kiwandani, kitu gani kilibadilishwa, kilibadilishwa juu ya nini, na kazi ilifanywa vizuri ao vibaya? Anayejua kujibu haya anaweza kununua chuma cha zamani bila woga. Asiyejua ananunua rangi.

Kosa langu mwenyewe

Si vizuri nifundishe wengine bila kusema nilivyoanguka mimi. Miaka sita iliyopita nilikuwa agronomi kijana, nimetoka chuoni si muda mrefu, nikitumika na mradi mmoja. Mradi ulileta trakta ya pili-mkono kwa kooperative ya wakulima wa mupunga. Siku ya kuipokea kulikuwa na viti, mahema, hotuba, na mbuzi wawili. Trakta ilikuwa imepakwa rangi mpya wiki ile ile. Niliangalia plaki ya namba karibu na tablo: Massey Ferguson 135, safi. Nikatia sinyatire kwenye karatasi ya kupokea. Kazi yangu yote ya kukagua ilikuwa dakika kumi.

Wiki ya tano ambreyaji ikaanza kuteleza. Tukafuata plaki, tukafuata katalogi, tukaagiza Kampala ambreyaji mbili-mbili, ile yenye disiki mbili. Makuta ya wamemba yakaenda, siku ishirini zikapita, piesi ikafika. Fundi akatenganisha trakta katikati, akainua piesi, akaiangalia, akaicha chini. Haiwezi kuingia. Ndani mlikuwa ambreyaji ya disiki moja, sababu buati ya vitesi yote ilitoka kwa trakta ingine. Plaki ilikuwa ya trakta moja, moteri ya ya pili, buati ya ya tatu. Rangi moja nyekundu iliwafunika wote watatu kama ndugu wa tumbo moja.

Wakati huo mupunga ulikuwa kwenye magunia huko mashambani, ukingoja remoriki na mashini ya kukoboa. Mvua haikungoja. Sehemu moja ilianza kuota ndani ya gunia. Ile iliyobaki wamemba waliuza kwa wachuuzi wa njiani kwa bei ya kuomba huruma. Hakuna aliyenishitaki, lakini jina lililo chini ya ile karatasi ni langu, na nalikumbuka kila mwaka mavuno yakifika.

Jambo lililoniuma zaidi ni neno la fundi. Ni mzee aliyejifunza kazi kwenye garaji ya plantasio ya kahawa. Aliniambia polepole: "Mimi nilijua tangu siku ya sherehe. Shofera alipokanyaga pedali, nilisikia." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu: "Hamukuniuliza. Mulinituma kubeba viti."

Zilitoka wapi na zilipitia wapi

Ili kujua kilichobadilika, lazima kwanza ujue kilivyokuwa. Nyingi ya trakta za zamani tunazokutana nazo zina ukoo mmoja. Babu yao ni Ferguson TE20, trakta ndogo ya rangi ya majivu iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956, zaidi ya 500,000. Aliyeifikiria ni Harry Ferguson, mtu wa Ireland. Mwaka 1953 kampuni yake iliungana na Massey-Harris, na tangu 1958 jina likawa Massey Ferguson. Mwaka 1959 Massey Ferguson ikanunua kiwanda cha moteri cha Perkins. Ndiyo maana trakta nyekundu nyingi zina moteri ya Perkins. Ile 135 ilitoka mwishoni mwa 1964. Moteri yake ya mazutu iliyoenea zaidi ina silinda tatu na ukubwa wa litre 2,5.

Sasa angalia njia zilizopitia hapa kwetu. Ziko zilizokuja na wenye plantasio za kahawa na wafugaji wa huku juu. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu akatangaza zairianisation, mali za wageni zikapewa wenye kuchukua, na wengi wao hawakuwa na mpango wa piesi wala wa mafuta. Tangu hapo kila garaji ilijifunza hesabu moja: unaua trakta mbili ili moja iendelee kuishi. Kisha ikaja vita ya Ituri ya 1999 hadi 2003. Karatasi ziliungua, mafundi walikimbia, vyuma vilibebwa. Zingine tena zimeingia juzi juzi kutoka Uganda, zikiwa tayari zimetumika na watu wawili ao watatu.

Basi, trakta yenye piesi za trakta tatu si aibu. Ni historia yetu. Aibu ni kuificha chini ya rangi na kuiuza kwa jina la "origine".

Jifunze kusoma chuma

Haya ninayoandika hayahitaji diploma. Yanahitaji macho, mkono, kitambaa chenye mazutu kidogo, na saa mbili. Nachukua mfano wa 135 sababu ndiyo inayoonekana zaidi, lakini akili ni ile ile kwa zingine.

Anza na plaki. Angalia si namba tu, angalia na vile imeshikiliwa. Kama imefungwa na visi vipya, kama kuna matundu ya zamani pembeni yasiyotumika, ao kama rangi imepita juu ya plaki na chini yake pia, ujue ilitolewa na kurudishwa. Pengine ilitolewa ili kupaka rangi vizuri. Pengine ilitoka kwa trakta ingine. Plaki ni kipande kidogo cha chuma, inabebeka mfukoni. Isikutoshe peke yake.

Kisha tafuta namba ya moteri. Hii imepigwa kwenye bloku yenyewe, na si ile namba ya trakta. Msichanganye. Kuanzia 1974 Perkins walianza mtindo mpya wa namba: inaanza na herufi mbili za aina ya moteri, na kwa ile silinda tatu ya litre 2,5 ni CE. Inaishia na herufi ya mwaka: A ni 1974, B ni 1975, na kuendelea, lakini herufi zingine, kama I na O, zinarukwa. Basi kama muuzaji anakuambia trakta ni ya 1968, na namba ya moteri inaishia na J, ile moteri ni ya 1982. Haimaanishi ni mbaya. Moteri ya miaka kumi na minne mbele inaweza kuwa habari njema. Lakini sasa unajua kwamba neno "hakuna kitu kiliguswa" si kweli, na unaweza kuuliza la pili na la tatu.

Soma buloni. Trakta za Coventry zilifungwa na buloni za kipimo cha Waingereza, za inchi. Chukua funguo za milimetri uzijaribu. Ufunguo wa 19 usikudanganye, sababu unakaribia sana robo tatu ya inchi. Jaribu 13 na 17. Pale ambapo 17 inakamata sawasawa bila kucheza, ile buloni iliwekwa nyuma. Buloni moja ni kitu kidogo. Lakini kama kichwa chote cha ekseli ya mbele kimefungwa na buloni za milimetri, kuna mtu alikifungua na kazi ikafanyika pale. Uliza kazi gani.

Kwangua rangi. Usiombe ruhusa ya kukwangua pote, omba mahali pane: chini ya ekseli ya mbele, kwenye maungio ya buati na moteri, kwenye mikono ya relevaji, na nyuma ya janti. Rangi ya zamani inaonekana kwa mapande, na mara zingine utakuta ya majivu, kisha nyekundu, kisha bluu. Kila rangi pengine ni mwenye mali mmoja. Sudire ya fundi inaonekana pia, ni kama kovu. Kovu lililopona vizuri si shida, lakini lililopasuka tena pembeni ni hatari. Muuzaji anayekataa kabisa ukwangue hata kidogo, amekujibu tayari.

Hesabu paipi za injekteri. Ni kitu cha mtoto, lakini nimeona watu wazima wamesahau. Ile 135 ya mazutu ya Perkins inapaswa kuwa na tatu.

Jaribu pedali ya ambreyaji. Hii ndiyo iliyoniangusha, basi ifuate vizuri. Ukiwa mahali tambarare, bila mashini nyuma na bila mtu karibu, washa moteri na uache prizidefosi izunguke, ule mti wa chuma wa nyuma. Kanyaga pedali nusu. Kwa ambreyaji mbili-mbili, magurudumu yanaacha nguvu lakini mti wa nyuma unaendelea kuzunguka. Ukikanyaga mpaka chini ndipo nao unasimama. Kama vyote viwili vinaacha mara moja, ni ya disiki moja, ao ile mbili-mbili haikupangwa vizuri. Jaribio hili ni la dakika mbili. Mimi lingeniokolea msimu mzima.

Mabadiliko si dhambi

Hapa najua tutaachana na wengine. Kuna wenzangu, wakisikia fundi amebadilisha kitu, wanatikisa kichwa. Kule Ulaya kuna watu wanaopenda trakta za zamani kama vile sisi tunapenda ng'ombe wa mahari. Wanatafuta rangi ile ile, taa ile ile, hata kiti kile kile cha chuma. Kwao trakta isiyoguswa ndiyo ya bei. Siwacheki, sababu wanalinda kumbukumbu. Lakini trakta yao inatoka siku ya maonyesho. Yetu inatoka siku mupunga umekomaa na mvua iko nyuma ya mlima.

Kwa hiyo kuna mabadiliko ninayoyafurahia. Dinamo ya zamani kubadilishwa kwa alternateri ni jambo zuri: batri inajaa hata moteri ikizunguka polepole, na alternateri inapatikana Bunia. Jambo moja tu liangaliwe. Trakta nyingi za Uingereza za wakati ule zilikuwa na masi upande wa plus wa batri, na alternateri nyingi zinataka masi upande wa minus. Mahali fundi alibadilisha moja akasahau ingine, vitu vinaungua.

Yako mabadiliko yanayoua moteri polepole. Filtri ya hewa ya kiwandani kwa hizi trakta inakaa na mafuta chini yake, vumbi linanaswa mle. Watu wengi wameitoa, wakaweka kitambaa ao hawakuweka kitu. Moteri inapumua vumbi la barabara ya Komanda kwa misimu miwili, kisha inaanza kula mafuta na kutoa moshi wa bluu. Fungua filtri, tia kidole ndani ya paipi inayokwenda kwa moteri. Kidole kikitoka na vumbi, bei ishuke sana, ao urudi nyumbani.

Angalia pia pompi ya injeksio. Ile skurubu inayozuia moteri isizunguke kupita kiasi ilitoka kiwandani imefungwa na sili. Mtu akiikata na kuifungua, trakta inaonekana ina nguvu zaidi. Lakini prizidefosi imepangiwa mizunguko 540 kwa dakika. Ukifunga mashini ya kukoboa halafu inapitishwa mbio, mchele unavunjika na mikanda inakatika, na mwisho ni kulaumu mbegu.

Na yako mabadiliko yanayoua mtu. Hapo sitaki mchezo. Nyuma ya trakta, pale mkono wa juu wa relevaji unaposhikilia, kuna resori kubwa. Akili ya Harry Ferguson ilikuwa hapo: jembe likikutana na ugumu, resori inasikia, relevaji inajirekebisha, na nguvu inasukuma pua ya trakta chini badala ya kuiinua juu. Nimeona mahali resori ilivunjika, fundi akaweka chuma na kusudea. Trakta inalima bado, lakini imekuwa kiziwi. Ikigonga kisiki, haijui. Na sisi wa Mambasa, shamba letu ni la visiki.

Vibaya zaidi, watu wanafunga mnyororo kwenye ule mkono wa juu ili wang'oe kisiki. Nguvu ikivuta kutoka juu ya ekseli, pua inanyanyuka na trakta inapinduka kinyumenyume juu ya shofera, kabla hajatoa mguu kwenye pedali. Kuvuta kunafanyika chini, kwenye chuma cha kuvutia, basi.

Ndipo ninaposema "origine" si neno takatifu. Uingereza ililazimisha trakta mpya ziuzwe na kizuizi cha kumlinda shofera kuanzia 1970. Ile ya 1966 ilitoka kiwandani bila kitu juu ya kichwa chake. Ukiiacha ilivyokuwa, umeacha hatari ilivyokuwa. Kuiongezea fremu ya chuma iliyopimwa na kufungwa kwenye ekseli ya nyuma ni badiliko zuri kuliko yote. Lakini fremu ya mabomba ya maji iliyosudewa kwenye matope ya gurudumu ni kivuli cha jua tu, isimpe shofera moyo wa uongo.

Somo la Kongwa

Wale wanaofikiri jambo hili ni la sisi maskini tu, wakumbuke Kongwa, katikati ya Tanzania. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza pale mradi mkubwa wa karanga. Trakta mpya hazikutosha, vita ya dunia ilikuwa imeisha juzi. Wakanunua trakta zilizotumika na jeshi, zingine kutoka Ufilipino. Nyingi zilifika zikiwa zimechoka, zikalala mapema. Wakachukua pia vifaru aina ya Sherman, kiwanda cha Vickers kikavigeuza kuwa trakta zilizoitwa Shervick. Hazikuushinda udongo na mizizi ya pale. Mwanzoni mwa 1951 mradi uliachwa, na zaidi ya paundi milioni 30 zilikuwa zimepotea.

Wale walikuwa na maenjinia, makuta na meli. Kilichowapungukia kilikuwa sehemu moja kile kile kilichonipungukia mimi siku ya mbuzi wawili: kukagua chuma kilichotumika kabla ya kukipokea, na kuuliza kama badiliko lililofanywa linafaa udongo wa mahali. Mradi mkubwa haukuwa na kinga ya haraka. Nasi wenye magunia machache tutaipata wapi?

Kwa wanaosema tununue mpya tu

Mwenzangu mmoja aliniambia: "Unapoteza wakati. Wakulima wanunue mpya, yamalizike." Ningependa. Lakini makuta ya trakta mpya hayako kwa kooperative ndogo, na mkopo wa kuinunua ni mnyororo mwingine. Halafu hata mpya inahitaji macho haya haya. Pakistani kwa mfano bado inatengeneza MF 240 yenye moteri ya ukoo ule ule wa silinda tatu. Sura yake ni ya zamani hata ikitoka kiwandani leo. Asiyejua kusoma chuma anaweza kuuziwa ya zamani kama mpya, na kuikataa mpya akidhani ni ya zamani.

Mwingine anasema Mambasa ni pori, trakta ni ya watu wa nyasi, wa Irumu na Djugu. Ana ukweli nusu. Mimi pia sitaki trakta iingie kung'oa miti. Kakao yetu inapenda kivuli, na udongo wa pori ukivuliwa nguo unachoka upesi. Lakini kazi ya trakta huku kwetu si jembe kwanza. Ni remoriki na mti wa nyuma: kutoa magunia shambani, kukoboa mupunga, kusukuma maji. Kazi hizo trakta ya zamani inaziweza, kama tunajua ilivyo ndani.

Ninachoomba

Kwa mashirika yanayotusaidia, hata hili linalotoa gazeti hili: tafadhali msipake rangi kabla ya kukabidhi. Leteni trakta na makovu yake tuyaone. Rangi inaweza kuja baadaye, wamemba wenyewe wataipaka. Na kwenye sherehe, fundi akae mbele, shofera kando yake, sisi wa hotuba tukae nyuma.

Kwa kooperative: kila trakta iwe na daftari lake, kama vile mtoto ana karatasi ya kupima kilo. Ukurasa wa kwanza, namba ya plaki na namba ya moteri, kila moja mahali pake. Kurasa zinazofuata, kila kitu kilichobadilishwa: tarehe, piesi ilitoka wapi, jina la fundi, na kwa nini. Yasiyojulikana yaandikwe pia "haijulikani". Mafundi wanasafiri, maprezida wanabadilika kwa uchaguzi, daftari linabaki. Atakayeagiza piesi Kampala mwaka kesho ataagiza kwa daftari, si kwa plaki.

Kwa wenzangu maagronomi: chuoni tulifundishwa udongo, mbegu na magonjwa. Trakta ilikuwa kichwa kimoja cha somo na michoro ubaoni. Wazee waliojifunza kwenye garaji za plantasio wanazidi kupungua, na wanachokijua hakijaandikwa. Tukae nao, tubebe kalamu, tuwalipe siku yao. Si aibu aliyesoma kumwita fundi mwalimu.

Alhamisi tunaenda Bunia. Tutakuwa wanne: prezida, mama mweka hazina, fundi na mimi. Yule fundi ni yule yule wa viti. Safari hii yeye ndiye atakayetangulia, na mimi nitabeba kitambaa na funguo. Mama mweka hazina ameshanunua daftari, na ameniomba nimfundishe jaribio la pedali nusu, sababu anataka kuona na macho yake kama mti wa nyuma unasimama.

Kama tukikuta trakta ina moteri ya mwaka mwingine na buati ya ndugu mwingine, lakini kazi yake ni safi na muuzaji anasema ukweli, pengine tutainunua, kwa bei ya ukweli. Kama anatukataza kukwangua, tutapanda tena gari la Mambasa na makuta yetu mfukoni. Wamemba watasikitika siku moja. Mimi najua masikitiko mengine, ya kufungua gunia la mupunga ukakuta limeota, na hayo hayakuisha kwa siku moja.